Ushanga Wako Una Ukubwa Gani?

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni karibu, wanangu. Leo sungura na fisi wamepumzika. Hadithi yetu ni ya kamera mbili zilizopaa angani katika siku mbili zilizofuatana, na moja kati yake ni yetu Wakenya.

Ilikuwa Aprili 2023. Ijumaa tarehe 14, saa tisa na robo alasiri kwa saa za Nairobi, roketi iliondoka Kourou, Amerika Kusini, ikiwa imebeba chombo cha Ulaya kiitwacho JUICE. Ndani yake kuna kamera iliyopewa jina JANUS. Ilikuwa iondoke siku moja kabla, lakini hofu ya radi ikaichelewesha. Kulipokucha Jumamosi, kabla ya saa nne asubuhi, roketi nyingine ikapaa kutoka Vandenberg, California. Hiyo ilibeba Taifa-1, setilaiti ambayo wahandisi Wakenya waliitengeneza pamoja na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria.

Taifa-1 ilipelekwa kama kilomita 500 juu ya vichwa vyetu, ipige picha za mashamba, misitu na mito. JUICE inakwenda mbali mno, hadi kwenye sayari ya Mshtarii, ambayo wengi huiita Jupita. Huko itachora ramani ya Ganymede, mwezi uliofunikwa na barafu. Upana wake ni kilomita 5,268, kwa hiyo ni mkubwa kuliko sayari ya Utaridi, na wanasayansi wanaamini kwamba chini ya barafu hiyo kuna bahari.

Mtaniuliza: shamba la mahindi na mwezi wa barafu vinahusiana vipi? Twendeni juu ya jengo la KICC, Nairobi, niwaonyeshe.

Tumepanda ghorofa zote 28. Tazameni magharibi. Hapo chini ni Uhuru Park. Ng'ambo yake matatu namba 46 zinaelekea Kawangware, na kushoto, mbali, ipo Milima ya Ngong. Kulia, penye miti, ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Wataalamu wa chuo hicho walishirikiana na wenzao wa Italia kuunda 1KUNS-PF, setilaiti ya kwanza ya Kenya, iliyokuwa kama kijisanduku cha sentimita 10 kila upande. Iliachiliwa kutoka Kituo cha Anga za Juu cha Kimataifa tarehe 11 Mei 2018, ikiwa na kamera. Ungeweza kuishika kwa viganja viwili.

Sasa, ili mzielewe kamera hizi, mkumbukeni mama anayetunga shanga. Kila ushanga una rangi moja tu. Ukiusogelea, huoni ua wala pembe, unaona vidoa. Rudi nyuma, ua linajitokeza. Picha ya kamera iko hivyohivyo, na ushanga wake huitwa pikseli. Kila mtengeneza ramani lazima ajiulize kwanza: ushanga wangu mmoja utafunika ardhi kiasi gani?

Katika picha nyeusi na nyeupe za Taifa-1, ushanga mmoja hufunika mita 16 kwa mita 16. Hiyo ni karibu nusu ya ploti ya futi 50 kwa 100. Nyumba kadhaa za mabati za mtaa wa Kangemi zinaingia ndani ya ushanga mmoja na kuwa kidoa kimoja. Lakini shamba kubwa, bwawa au msitu huonekana vizuri, na hiyo ndiyo kazi yake.

Ramani ya Ganymede nzima itatumia shanga za mita 400 hivi, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Pale penye jambo la kuvutia, JANUS itachagua shanga ndogo, hadi mita 2.4. Kwa ushanga huo, matatu ya abiria 14 ingeonekana kama vidoa viwili.

Kwa nini isitumie shanga ndogo kila mahali? Hebu tupige hesabu. Ganymede nzima kwa shanga za mita 400 inahitaji zaidi ya shanga milioni 500. Kenya yetu kwa shanga za mita 16 inahitaji zaidi ya bilioni 2! Sasa fikirieni bomba jembamba linalojaza pipa tone kwa tone, nanyi mnajua siku maji yanapofika kwa zamu mtaani. Redio ya JUICE ndiyo bomba lenyewe: ni mbali mno, hata mwanga husafiri zaidi ya nusu saa kabla ya kutufikia, na mawimbi ya redio hufika yakiwa hafifu. Kwa hiyo kila picha huchaguliwa kwa makini.

Kisha picha huunganishwa. Mmemwona fundi akiezeka nyumba Kawangware? Bati moja hulalia jingine kidogo, mvua isipenye. Picha nazo hulaliana, ndipo ramani isiwe na matundu. Tena, mahali palipopigwa picha kutoka pande mbili hutuonyesha urefu wa vilima, kama macho yako mawili yanavyokuonyesha kikombe kiko karibu kiasi gani.

Tazameni tena Ngong jua linapokaribia kuzama. Kila bonde limechorwa kwa kivuli, ilhali adhuhuri milima ilikuwa kama imepigwa pasi. Wachora ramani wa Ganymede nao hulitafuta jua la chini ili waione mifereji ya barafu. Wakitaka rangi, JANUS ina vichujio 13 vya kusaidia kutenganisha barafu safi na chumvi. Yote hayo yatafanyika katika gizagiza, maana jua la huko ni hafifu karibu mara 25 kuliko letu.

JUICE itafika Mshtarii Julai 2031, na Desemba 2034 itaanza kuuzunguka Ganymede. Hakuna chombo kilichowahi kuuzunguka mwezi wa sayari nyingine. Wakati huo baadhi yenu mtakuwa chuoni, na nataka muwe miongoni mwa wanaozisoma picha hizo.

Anzeni sasa. Usiku Mshtarii inapong'aa, azimeni darubini ya mkononi, mwegemee ukuta mikono isitetemeke. Mtaona vidoa vidogo pembeni mwa sayari, vilevile alivyoviona mwanasayansi Galileo Januari 1610. Kimoja ni Ganymede. Mwezi mzima, kilomita 5,268 za barafu, umeingia ndani ya ushanga mmoja wa jicho lako. Kazi iliyobaki ni kuupasua ushanga huo uwe milioni 500.