Simu ya Pili Mezani

Mwandishi aliyeko Kinshasa, Nairobi au Brussels akitaka kumhoji mzee wa Kasongo, mashariki mwa Kongo, kuhusu uasi wa Simba wa 1964, siku hizi si lazima asafiri mpaka Kindu na kuteseka na barabara ya kuelekea kusini. Anapiga kwa WhatsApp, anawasha kinasa sauti upande wake, wanazungumza. Baadaye, akiketi kusikiliza, anakuta maneno yamekatikakatika, majina ya vijiji yamemezwa, na pale mzee alipomtaja chifu wa wakati ule hasikii kitu ila mkwaruzo. Lawama zote zinaangukia mtandao. Mtandao wa kusini mwa mkoa wa Maniema ni dhaifu kweli, lakini mahojiano hayo yaliharibika kwa sababu yalirekodiwa upande usiofaa.

Sauti inayopita kwenye intaneti hukatwa vipande vidogo sana, kila kipande kikabanwa na kutumwa peke yake. Kipande kikichelewa njiani, programu hukitupa, maana mazungumzo ya moja kwa moja hayawezi kukisubiri, na pengo lake huzibwa kwa kubahatisha. Mawimbi yakizidi kupungua, programu hushusha ubora wa sauti ili laini isikatike. Katika maongezi ya kawaida masikio yetu huvumilia haya yote, kwa kuwa tunaweza kuuliza tena. Rekodi huwezi kuiuliza tena. Anayerekodi akiwa Nairobi anahifadhi kile tu kilichosalimika safarini.

Kwa hiyo ziwepo simu mbili mbele ya mzee. Moja ni ya kuongea. Ya pili inalazwa mezani, imewekwa katika hali ya ndege ili isiingiliwe na simu wala ujumbe, nayo inarekodi sauti ya mzee pale pale inapotoka mdomoni. Laini ikikatika mara kumi, hii ya pili haina habari. Mwandishi naye anajirekodi kwake, kisha sauti mbili zinaunganishwa. Ili kurahisisha kuunganisha, kijana anayemsaidia mzee anapiga kofi moja kubwa mwanzoni huku simu zote zikisikia. Kofi hilo huonekana kama mlima mkali kwenye programu ya kuhariri, na pande zote mbili zinapangwa hapo.

Mpango huu una faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii: mkirekodi hivi, mazungumzo yenyewe yanaweza kupita kwenye simu ya kawaida, bila intaneti kabisa. Simu ya kawaida ya zamani hubeba sauti kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, ndiyo maana "s" na "f" hufanana masikioni. Inatosha kwa kuulizana na kujibizana. Faili safi inatumwa usiku, au kesho yake, mtu akipanda mahali penye mawimbi.

Uzito wa faili lakini uhesabiwe mapema, maana mega zinanunuliwa. Rekodi isiyobanwa ya kiwango cha kawaida, ya mkondo mmoja, hula takriban megabaiti 5 kwa dakika. Saa moja inapita 300. Iliyobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde haifiki megabaiti 60 kwa saa nzima, na kwa sauti ya mtu mmoja anayesimulia, hiyo ni nzuri kabisa. Mimi ningechagua hiyo bila kusita kwa mahojiano ya Kabambare, jirani ya Kasongo. Itumwe kama hati, isitumwe kama ujumbe wa sauti. Na asifute mtu chochote mpaka mpokeaji awe ameisikiliza yote, mwanzo hadi mwisho.

Sasa chumba. Watu wengi humtoa mzee nyumbani kwake na kumpeleka ofisini, kwenye ukuta wa saruji, sakafu tupu na mabati juu, wakidhani ndiyo heshima. Huko sauti inagonga kuta na kurudi, na mvua ikianza mabati yanafunika kila neno. Nyumba ya udongo yenye paa la nyasi inaishinda ofisi hiyo kwa mbali: udongo mkavu hauakisi sauti kwa ukali wa saruji, nyasi huinyonya, na mvua juu yake hunong'ona tu. Mkeka chini, kitenge kikitundikwa nyuma ya simu, na umepata studio. Simu iwe shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meza isitetemeshe. Ukaribu huo unafanya kazi kuliko kifaa chochote cha kununua. Visikizi visivyo na waya viachwe; vingi hupunguza sana ubora wa sauti pindi maikrofoni yake inapotumika.

Simu iliyochomekwa kwenye chaja ya bei nafuu inaweza kuingiza mvumo kwenye rekodi, hivyo ijazwe jana yake. Wanaochaji kwenye vibanda vya sola wanajua simu hurudi jioni, basi siku ya mahojiano ipangwe kuifuata jioni hiyo. Saa yenyewe ichaguliwe kwa masikio: alfajiri kuna majogoo na mifagio, mchana sombe, majani ya muhogo, inatwangwa, na katika majira ya mvua alasiri ndiyo yenye radi. Saa tatu hadi saa tano asubuhi, watu wakiwa shambani, ndio wakati wangu. Saa tatu ya Kasongo ni saa mbili Kinshasa na saa nne Nairobi na Dar es Salaam. Tofauti hii imevunja miadi mingi.

Rekodi ianze kabla ya salamu. Habari za nyumbani, za mashamba, za wajukuu, zote zipite polepole. Hapo ndipo sauti ya mzee inapotulia na msaidizi anapopima kama inasikika. Kisha mwandishi aombe ruhusa wazi, mzee akubali kwa maneno yake mwenyewe. Mada zitumwe mapema, maswali yasitumwe, kwani atakariri majibu. Baada ya kila jibu mwandishi ahesabu kimya moja, mbili, tatu. Laini inachelewesha sauti, na mzee huwa hajamaliza.

Kasongo ina sababu yake ya kustahili uangalifu huu. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu, ambaye mji huu ulikuwa ngome yake kabla ya majeshi ya kikoloni ya Dhanis kuuteka mwaka 1893, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Babangubangu wa Kabambare, ambao biashara ile ya watumwa na pembe ilipita katika nchi yao, hawakupata nafasi hiyo. Noemie Arazi na wenzake, waliochimba Kasongo ya kale huko Tongoni, walikusanya pia masimulizi ya wenyeji, na makala yao ya mwaka 2020 katika jarida la Antiquity yanaonyesha jinsi udongo na kumbukumbu vinavyosaidiana. Aliyekuwa na miaka 10 wakati wa uasi wa Simba mwaka 1964 amepita 70 leo.

Upande wa Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, ambako kumekuwa na mapigano, faili yenyewe inaweza kumletea mtu hatari. Huko jina la mzee lisitamkwe kwenye rekodi wala kuandikwa kwenye jina la faili; tarehe na namba zinatosha, na orodha ya namba ikae kwa mwandishi peke yake. Kwingineko, nakala moja ibaki kwenye kadi ya kumbukumbu, akabidhiwe mtoto wa mzee siku hiyo hiyo, kabla simu ya pili haijatoka uani.