Jani Zima Tunalolilima Bila Kulinywa

Sehemu kubwa ya chai inayouzwa mnadani Mombasa, iwe imetoka Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi, ni ya punje. Jani likishanyauka kiwandani hupitishwa kwenye mashine zenye meno, likararuliwa na kuviringishwa hadi likawa chembe. Njia hiyo ilibuniwa Assam, India, miaka ya 1930, na ina sifa zake: rangi hutoka upesi, chai hukolea, na maziwa hayaizidi nguvu. Ndiyo chai ya maziwa iliyotulea.

Mashamba hayohayo hutoa pia chai ya jani zima, na inauma kwamba wanaoichuma ni nadra kuionja. Majani mawili na kichipukizi husokotwa bila kukatwakatwa, huachwa yapigwe na hewa mpaka yageuke rangi, kisha hukaushwa. Ndani ya buli hufunguka tena polepole, yakatoa harufu ya maua na asali ambayo maziwa huifunika kabisa.

Chai hii haichemshwi sufuriani. Chemsha maji peke yake, mimina juu ya kijiko kimoja cha majani kwa kila kikombe, funika dakika tatu au nne, uchuje. Ikiwa ni ya kijani, maji yapoe kwanza hadi nyuzi 80 hivi, la sivyo uchungu utatawala. Usitupe majani, yatie maji mara ya pili. Mimi hukipenda zaidi kikombe hicho cha pili.

Watafiti wa Kericho walitoa mwaka 2011 aina ya mchai iitwayo TRFK 306, wenye majani ya zambarau. Rangi hiyo hutokana na anthosianini, na ikisindikwa kama chai ya kijani kisha ukaikamulia limau, kinywaji hugeuka waridi mbele ya macho yako. Waonyesheni watoto.

Anthosianini ndiyo pia inayoipa rozela wekundu wake. Watanzania wengi huiita choya, na kwangu hakuna kinywaji cha matunda na viungo kinachoishinda. Kwa lita moja ya maji, tia kijiti cha mdalasini, kipande cha tangawizi kilichopondwa na karafuu tatu, uchemshe dakika kumi, maana gome na mzizi havitoi utamu wake kwa haraka. Karafuu zisizidi hapo, hutia ulimi ganzi. Zima moto, ndipo utie konzi ya rozela kavu na ganda la chungwa lililokwanguliwa weupe wake, kwa kuwa weupe huo ni mchungu. Funika robo saa. Vipande vya nanasi lililokaushwa vikiwemo, sukari huenda isihitajike, onja kwanza.

Tatizo ni upatikanaji. Jani zima hugharimu zaidi ya punje, na maduka mengi ya mitaani hayaliweki kwa sababu hakuna anayeliulizia. Basi tuliulizie, dukani na hotelini. Ukilipata, litie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, mbali na jua. Karafuu na mdalasini viwe kabati jingine: majani ya chai hunyonya kila harufu iliyo jirani, na yakishainyonya hayairudishi.