Je, Nyayo Zako Zinahitaji Soli ya Kupimiwa?

Leo tuangalie nyayo.

Ukiwa Kitengela, huenda unasimama kutwa nzima kwenye mashine katika viwanda vya EPZ pale Athi River, au katika mashamba ya maua upande wa Isinya. Ukiwa Kajiado, huenda unafuata mifugo na akala zako tangu alfajiri. Jioni miguu inawaka moto. Jirani anakwambia, "Nenda ukapimwe nyayo kwa skana, utengenezewe soli." Je, unaihitaji?

Skana hufanyaje kazi? Unasimama juu ya kioo, na mashine inachukua umbo la unyayo. Nyingine ni bamba linalopima jinsi uzito wako unavyokandamiza kila sehemu. Kwenye kompyuta, sehemu inayobeba uzito mwingi huonekana nyekundu, na yenye uzito mdogo huwa ya buluu. Fundi wa vifaa vya mifupa hutumia picha hiyo kubuni soli ya ndani itakayopunguza uzito penye wekundu na kuusambaza kwingine.

Skana haitibu. Inapima tu, kama fundi cherehani anavyochukua vipimo vya nguo. Pasipo na skana, fundi aliyefunzwa anaweza kutumia plasta au karatasi yenye wino.

Kama kisigino kinauma asubuhi unapokanyaga hatua za kwanza, usikimbilie kutumia pesa nyingi. Utafiti umeonyesha kwamba kwa maumivu hayo, soli za kawaida za dukani husaidia karibu sawa na za kupimiwa. Anza na hizo, pamoja na kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu kila siku.

Lakini kwa mwenye kisukari, mambo ni tofauti. Sukari ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na nyayo hufa ganzi. Mwiba unapenya akala, nawe huhisi. Sugu inaota mahali pamoja, na chini yake kidonda kinaanza kimyakimya. Wengi wamekatwa mguu kwa kidonda cha namna hiyo. Kwa aliyewahi kuugua kidonda hicho, soli iliyotengenezwa kwa vipimo vya uzito hupunguza hatari ya kidonda kurudi. Lakini lazima aivae kila anapotembea, hata nyumbani, ndani ya kiatu cha kufunika chenye nafasi ya kutosha.

Ikiwa una kisukari, jipime leo. Funga macho. Mtu wa nyumbani akuguse polepole kwa ncha ya kidole chake, sekunde moja au mbili, kwenye kidole gumba, cha katikati na cha mwisho cha kila mguu. Hiyo ni mara 6. Ukikosa kuhisi mara 2 au zaidi, nenda hospitali ya Kitengela au ya Kajiado, vua viatu, na uombe nyayo zikaguliwe. Mhudumu ndiye atakayeamua kama utatumwa kwa fundi.

Ukipata soli mpya, ivae saa moja au mbili siku ya kwanza, kisha tazama unyayo. Ukiona wekundu usioisha au lengelenge, irudishe kwa fundi.

Kumbuka: mguu uliokufa ganzi haulii. Utazame kila jioni.