Siku moja Arua na Koboko bila mzigo

WENGI wetu tunaijua barabara ya Arua kwenda Koboko kwa sababu ya mizigo. Mfanyabiashara huipita akiwaza bei na ushuru. Mzee aliyekimbilia Zaire au Sudan baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979 anaikumbuka kwa miguu, godoro kichwani.

Hivi karibuni niliamua kuipita kama mtalii, peke yangu, bila bidhaa.

Asubuhi nilikunywa chai na chapati Arua, mji uliopewa hadhi ya jiji Julai 2020. Nilizunguka sokoni bila kuuliza bei ya jumla. Kisha nikapanda teksi, kilomita zipatazo 55. Kwa kuwa sasa kuna lami, nilifika Koboko nguo zikiwa bado safi.

Mchana nilikula enyasa, ugali wetu wa muhogo, huku Kikakwa, Kilugbara, Kiarabu na Kiswahili vikipishana mezani.

Jioni nilifika Salia Musala, zinapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Kwetu ilikuwa saa 11. Kwa majirani wote wawili, saa 10, maana Sudan Kusini nayo ilirudisha saa nyuma Februari 2021. Mchuuzi huipigia hesabu saa hiyo moja. Mimi niliimaliza chini ya mwembe.

Ndugu msomaji, amani ya njia hii haionekani vizuri ukiwa juu ya magunia. Tenga siku moja uipite mikono mitupu. Wazee wetu walirudi kwa ajili ya siku kama hiyo.