Lenzi Hujengwa Kabla Mama Hajajua

Kina mama wanaokuja kliniki yetu hapa Kericho, wengi wakitoka kuchuma chai, huniuliza swali lile lile mtoto akikutwa na weupe katikati ya mboni: "Sista, nilikula nini?" Wengine huwa wameshaambiwa nyumbani kwamba ni mtu mwenye jicho baya. Mimi huketi nao nikawaeleza kwamba weupe ule ni lenzi ya jicho iliyoingia ukungu, na jinsi lenzi inavyojengwa, maana lawama huanza kuwatoka hapo.

Wiki 4 hivi baada ya mimba kutungwa, mama akiwa ndiyo kwanza anajiuliza mbona hedhi imechelewa, ubongo wa kiinitete huchomoza vifuko viwili, kimoja kila upande. Kifuko kikigusana na ngozi changa ya kichwa, ngozi ile hunenepa, hubonyea, kisha hujitenga ikawa kipira chenye uwazi ndani. Seli za nyuma hurefuka kwenda mbele mpaka uwazi ukajaa. Baadaye seli hizo hupoteza viini vyake, zikabaki na protini angavu inayopitisha mwanga. Mwaka 1901 Mjerumani Hans Spemann alionyesha, kwa viinitete vya chura, kwamba kifuko kile kikiharibiwa lenzi haitokei.

Rubela huvamia katika kipindi hicho. Mama akiugua ndani ya miezi 3 ya kwanza, hata kama ni homa ndogo na vipele vichache, kirusi huweza kuifikia lenzi changa na kuitia ukungu. Tatizo hili huweza pia kurithiwa, na mara nyingi chanzo hakipatikani. Kenya ilianza kuchanja watoto dhidi ya surua na rubela kwa pamoja mwaka 2016, na kwangu mimi chanjo ile ni kinga ya macho pia.

Lenzi ikishaharibika, wapo viumbe wanaoweza kuijenga upya. Kiluwiluwi wa chura wa jamii ya Xenopus, ambaye ndugu zake wamo katika maji ya Kenya, akiondolewa lenzi huota nyingine kutokana na seli za konea. Sisi tumebaki na sehemu ndogo ya uwezo huo: seli za mbele ya lenzi huendelea kugawanyika maisha yote. Kwa mtoto zina nguvu mno, ndiyo maana ukungu huweza kurudi baada ya upasuaji. Mwaka 2016 madaktari wa China walieleza katika jarida la Nature kwamba waliziacha seli hizo makusudi kwa watoto 12 walio chini ya miaka 2, lenzi zikaota upya. Wataalamu wengine walitilia shaka matokeo yao. Huku kwetu tegemeo bado ni upasuaji, miwani na lenzi ya bandia.

Linaloniuma ni muda. Ubongo hujifunza kuona miezi ya mwanzo, hivyo weupe mzito unafaa kuondolewa mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8. Familia inayosubiri bonasi ya chai ndipo ipate nauli ya kwenda Hospitali ya Tenwek, Bomet, huweza kuchelewa miezi mingi. Basi mtoto akija kwa chanjo ya wiki ya 6, mimi humulika macho yake kwa tochi kabla ya sindano na matone. Nikiuona weupe, rufaa naiandika siku hiyo hiyo.