Kengele ya Upepo Inapogoma Kunyamaza

Lori la jeshi aina ya M939, lile la tani 5 ambalo AM General ilianza kuliunda mapema miaka ya 1980, leo linapatikana kwa raia wa Marekani kupitia minada. Mnunuzi akiwasha swichi kwa mara ya kwanza hupokelewa na kelele kali kutoka kwenye dashibodi, akadhani ameuziwa kimeo. Mara nyingi sivyo. Gari likilala wiki kadhaa, upepo hutoka matangini polepole, na kengele haifanyi zaidi ya kusema ukweli huo. Injini ikinguruma kwa muda, mshale wa geji hupanda. Ukivuka psi 60 hivi, kelele hukatika. Ukikaribia 120, gavana huipumzisha kompresa.

Kazi ya fundi huanza pale kelele inapogoma kukatika, au inapozuka gari likiwa barabarani.

Kabla ya kushika spana, atazame geji. Mshale ukionyesha 110 huku kengele ikilia, mojawapo inadanganya. Afunge geji nyingine anayoiamini kwenye tangi, alinganishe. Upepo ukiwa kweli umejaa, kosa liko kwenye umeme: swichi ya shinikizo imekwama, au waya umechunika ukagusa bodi. Achomoe waya kwenye swichi. Kelele ikinyamaza, swichi ni mshukiwa wa kwanza. Ikiendelea, aufuate waya. Akumbuke pia kwamba gari hili linatumia volti 24, kwa hiyo vifaa vya gari dogo vya volti 12 havifai hapa. Wako wanaomaliza matatizo yote kwa kuukata waya wenyewe. Huo si ufundi, ni kumziba mdomo shahidi.

Geji na kengele zikikubaliana kwamba upepo ni mdogo, swali ni moja tu: upepo hautengenezwi, au unatengenezwa na kupotea?

Jibu hupatikana injini ikiwa imezimwa. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yawekewe kabari, upepo ujazwe, breki ya maegesho iachiwe. Kisha subira na saa mkononi. Katika mtihani wa madereva wa magari makubwa Marekani, lori lisilo na tela haliruhusiwi kupoteza zaidi ya psi 2 kwa dakika moja. Pedali ikikanyagwa na kushikiliwa, kikomo ni psi 3. Likizidi hapo, linavuja.

Mahali pa kuvuja ni pengi kuliko anavyotarajia fundi aliyezoea malori ya kiraia, maana upepo wa M939 hausimamishi gari tu. Ndio unaoendesha waipa, ndio unaoingiza nguvu kwenye ekseli ya mbele, na kwenye toleo la A2 ndio unaojaza matairi dereva akiwa kitini. Mtu anaweza kushinda chini ya gari akikagua breki kumbe upepo unatokea kwenye kibomba cha waipa. Mimi ningeanzia nyuma, kwenye viunganishi vya tela: koki iliyosahauliwa wazi baada ya kuvuta gari lingine hutoa upepo wote bila kuvunjika kitu. Baada ya hapo, maji ya sabuni kwenye kila nati, na masikio. Mluzi unaosikika pedali ikikanyagwa tu huelekeza kwenye kiwambo cha mpira ndani ya chemba ya breki, au kwenye valvu ya pedali.

Upepo ukitulia lakini ukawa mzito kupanda, tuhuma zinarudi kwa kompresa na wenzake: chujio lililoziba, gavana inayokata mapema, bomba la kutolea upepo lililojaa masizi. Fundi afungue koki iliyo chini ya tangi la kwanza. Maji kidogo ni kawaida. Ute mweusi wa oili mara nyingi unamaanisha ringi za kompresa zimechoka. Koki hiyo ina faida nyingine: tangi hilo likimwagwa lote, geji za breki hazitakiwi kushuka. Zikishuka nalo, valvu ya kuzuia upepo usirudi nyuma imekufa.

Kwa anayeendesha, Ohio kule Marekani au kwenye mteremko wa Kitonga nchini Tanzania, kanuni ya breki za upepo ni ileile. Kengele ikilia safarini, atoke barabarani na kusimama mara moja, bila kupigapiga pedali, kwa sababu kila mkanyago unakula akiba iliyobaki. Upepo ukishuka hadi kati ya psi 45 na 20, springi za breki ya dharura hujikaza zenyewe, na hapo dereva hachagui tena pa kusimama.

Springi hizo hukaa zimebanwa kwa nguvu inayoweza kuua mtu. Chemba yake isifunguliwe gereji wala barabarani. Ikiharibika, ibanwe kwa boliti yake maalumu, itolewe nzima, ifungwe mpya.