Sakafu ya Mbao: Tununue Ugumu, Tusinunue Mng'aro



Kila tawi linapojenga au kutengeneza ukumbi wa mikutano, swali hili huulizwa: tuweke mbao gani sakafuni zitakazostahimili viatu vizito, viti vinavyoburutwa na mchanga wa kila siku? Swali hili si la anasa. Fedha ya ukumbi ni ada ya mwanachama, iliyokatwa katika mshahara wake. Sakafu ikiharibika baada ya miaka michache, jasho lake limekwenda bure.

Kwanza tutofautishe madhara mawili. Kitu kizito kikianguka, mbao hubonyea. Hapo kinga ni ugumu wa mbao yenyewe. Mchanga ukisagwa chini ya kiatu, sakafu hukwaruzika, na kinachoumia kwanza ni vanishi. Mbao yoyote, hata iwe ngumu namna gani, hushindwa na chembe ya mchanga. Kwa hiyo muuzaji akisema mbao zake hazikwaruziki kamwe, tusimsadiki.

Ugumu wa mbao hupimwa. Gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 hugandamizwa mpaka nusu yake izame katika mbao, na nguvu iliyotumika huandikwa. Kipimo hiki huitwa Janka. Msaji hupata karibu ratili 1,070, na mvule karibu 1,260. Basi msaji, pamoja na jina lake kubwa na bei yake kubwa, haumshindi mvule kwa ugumu. Sifa ya msaji ni kustahimili maji na mchwa.

Muhugu wa Kenya na Tanzania ni mgumu zaidi kuliko hiyo miwili. Mita moja ya ujazo ya muhugu mkavu ina uzito wa karibu kilo 900, na ya msaji karibu kilo 650. Ndiyo maana vipande vya muhugu viliwekwa katika sakafu nyingi zinazopitwa na watu wengi. Lakini mti huu umekatwa kupita kiasi, kwa sakafu na kwa vinyago. Tukiununua, tudai hati ya uvunaji halali. Mkongo, ambao Msumbiji huitwa chanfuta, nao ni mzito, na hausinyai sana.

Msonobari wa mashamba ni rahisi kupatikana, lakini ni laini. Kisigino chembamba huacha alama. Mkaratusi ni mgumu zaidi, ila hupasuka na kupinda usipokaushwa taratibu.

Tukifika kwa muuzaji, tufanye haya:

1. Tushike vipande viwili vya kimo kimoja, vyote vikavu. Kilicho kizito kwa kawaida ndicho kigumu.

2. Tuulize mbao zimekaushwa kiasi gani. Kwa sakafu ya ndani, maji yaliyobaki yawe karibu asilimia 12. Mbao mbichi ni nzito pia, lakini baadaye husinyaa na kuacha nyufa. Kisha zikae siku kadhaa ndani ya ukumbi kabla ya kupigiliwa.

3. Tupime unene. Mbao nzima ya milimita 20 huweza kupigwa msasa zaidi ya mara moja na kurudia upya. Iliyobandikwa ganda jembamba la mti mgumu juu, ganda likiisha, imekwisha.

4. Tuchague vanishi isiyong'aa sana. Rangi nyeusi yenye mng'aro huonyesha kila mkwaruzo.

Baada ya hapo, mkeka mlangoni na vipande vya kitambaa chini ya miguu ya viti vitaokoa fedha nyingi.

Jambo la mwisho, nalo ni zito. Sakafu hii hupigwa msasa na mfanyakazi mwenzetu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza mwaka 1995 kwamba vumbi la mbao huleta saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua. Katika mkataba na fundi tuandike wazi: mashine yenye mfuko wa kunasa vumbi, barakoa inayofaa, na madirisha wazi. Chama kinachodai usalama kiwandani hakiwezi kujenga ukumbi wake kwa mapafu ya mfanyakazi mwingine.

Kamati za matawi zisome haya kabla ya kutia sahihi hati ya kununua mbao.